Prosesa unaweza kuibuni ukiwa Jinja, ila bodi usinunue kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Jinja. Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba mambo ya chipu tuwaachie Wataiwani na Wamarekani sababu kiwanda kimoja kinakula mabilioni ya dola na sisi huku hata umeme ni wa kubahatisha. Kuhusu kiwanda sibishani naye, kile kitu hakijengwi kwa harambee. Lakini vile alimalizia, ati kwahiyo kijana wa Afrika Mashariki asipoteze muda kujifunza prosesa, ile sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri, inavyobuniwa ndani, hapo ndo nimeshindwa kunyamaza. Hapa Walukuba kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, inverta na vitu vya sola kuna prosesa inafanya kazi, na haikutoka kiwandani ikiwa prosesa, imeandikwa na mpwa wangu kwenye laptop ya mtumba ambayo kibodi yake herufi mbili hazibonyezeki mpaka uchomeke kibodi nyingine pembeni.

Huyu bwana amechanganya kazi mbili. Kuna kazi ya kuchonga silikoni, hiyo ndo ya mabilioni, alaf kuna kazi ya kuamua ile silikoni ifanye nini, rejista (vijisanduku vya prosesa vya kushikia nambari) zikae wapi, amri isomwe vipi, kujumlisha kufanyike wapi. Hii ya pili ni ya akili na daftari na kompyuta, na tangu zamani kidogo kuna chipu zinazokuruhusu kuifanya bila kumuomba mwenye kiwanda chochote, zinaitwa FPGA. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa XC2064 ya kampuni ya Xilinx mwaka 1985, ilikuwa na bloku 64 tu za kupanga upendavyo. Sa hii kuna bodi za bei ya chini, yaani chipu hiyo ikiwa imefungwa na pini na taa zake, zenye vijedwali zaidi ya elfu nane, na vijedwali nitavieleza sasa hivi. Kwahiyo anayesema tusubiri sijui anasubiri nini.

Niieleze kidogo maana wengi wakisikia FPGA wanadhani ni aina fulani ya Arduino, ile bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki. Sio. Arduino ina prosesa tayari ndani yake, wewe unaipa maagizo tu. FPGA inatoka kiwandani ikiwa haijui kitu chochote. Ndani kuna vijedwali vidogo vidogo maelfu, kwa nyingi za hizi ndogo kila kimoja kina waya nne za kuingia na moja ya kutoka, na waya nne zinaweza kukaa kwa namna 16 tu, basi kijedwali kina vyumba 16 na kila chumba umeandika 0 au 1. Ni sawa na lile jedwali la kuzidisha linalochapwa nyuma ya daftari la shule, pale hakuna anayepiga hesabu, unafuata mstari na safu unasoma jibu lililoandikwa. Ukiweka 1 kwenye chumba cha mwisho peke yake umepata geti ya AND ya waya nne (inatoa 1 pale tu zote nne zikiwa 1), ukiweka 0 kwenye chumba cha kwanza peke yake na 1 kwingine kote umepata OR (inatoa 1 hata waya moja tu ikiwa 1), na hivo hivo kwa saketi yoyote unayotaka. Pembeni ya kila kijedwali kuna flipuflopu inayoshika biti moja, yaani 0 au 1 moja, mpaka pigo lijalo la kloki, ile ishara inayopiga mfululizo kuipa saketi nzima mwendo, na katikati ya vyote hivi kuna waya na swichi za kuviunganisha. Basi. Hakuna uchawi mwingine, prosesa nzima ni vijedwali na flipuflopu zimeunganishwa kwa mpangilio fulani ambao umeuandika wewe.

Na huo mpangilio kwenye chipu nyingi za aina hii unakaa kwenye kumbukumbu inayofutika, umeme ukikatika chipu inasahau kila kitu, inarudi kuwa bubu. Ndo maana bodi nyingi zinawekewa fleshi ndogo pembeni inayotunza mpangilio, umeme ukirudi chipu inajisomea yenyewe haraka sana na kazi inaendelea. Kwa sisi ambao stima inaondoka bila kuaga hili ni jambo la kujua mapema, manake kuna namna mbili za kupakia, moja inaweka kwenye chipu moja kwa moja na nyingine inaweka kwenye fleshi, na kijana asiyejua tofauti akirudi asubuhi anakuta bodi haifanyi kitu anadhani imeungua analeta kwa fundi. Wanaleta kweli.

Sasa prosesa yenyewe ni kubwa kiasi gani? Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Ile 6502 ya mwaka 1975, iliyokuja kutumika kwenye Apple II, ilikuwa kama 3,500. Watu waliziandaa kwa mikono, kwa kuchora. Na sa hii kuna prosesa inaitwa SERV ya Mswidi mmoja Olof Kindgren, inatosha kwenye vijedwali kama 200 hivi, siri yake ni kwamba inafanya hesabu biti moja moja badala ya zote 32 kwa pamoja, kwahiyo ni polepole lakini ni prosesa kamili ya biti 32, unaiandikia programu kwa lugha ya C na inaendesha. Vijedwali 200. Kwenye chipu ya bei ya suruali ya mtumba unaweza kuzipanga nyingi.

Nimesema bei, tuingie hapo hapo manake ndo panapoharibikia. Vijana wengi nikiwasikia wanaanza na swali moja, bodi gani ninunue. Mi nawaambia usinunue. Hata kama pesa unayo. Mpwa wangu alipoanza chuo kuna mkubwa mmoja alimwambia bila bodi kubwa ya maabara huwezi kujifunza, na softweya yake ishushwe yote, basi kijana akaanza kuishusha. Hiyo softweya ni makumi ya gigabaiti. Kwa Uganda hii ambayo tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12 juu ya bei yenyewe! Alikuja kibandani jioni moja amenuna akaniambia, mjomba, nimemaliza bando lote na haijafika hata nusu. Nikamwambia wewe hata taa moja hujawasha unashusha mizigo ya kiwandani ya nini.

Kitu cha kuanzia ni simuleta. Kuna inaitwa Icarus Verilog, ya bure, ni megabaiti chache, inaingia kwenye laptop dhaifu kabisa bila kulalamika. Unaandika saketi yako kwenye faili la kawaida kwa lugha ya Verilog, unaandika faili la pili la kuijaribu, yaani hilo ndo linapiga kloki na kubonyeza vitufe kwa niaba yako, alaf inakutolea faili la mawimbi unalolifungua kwa GTKWave, ya bure pia. Pale unaona kila waya kwa kila pigo, ilikuwa 0 ikawa 1 saa ngapi, nani aliibadilisha. Kwenye bodi halisi huoni hivo hata ukiwa na oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ya maana, manake waya ziko ndani ya chipu na probu yako haifiki huko. Mtu anayeanza na bodi anakaa anatazama taa isiyowaka na hajui kama kosa ni lake, ni la kebo, ni la bodi au ni la draiva. Anayeanza na simuleta kosa ni lake peke yake na anaona liko wapi.

Kwa wale wadogo wa sekondari ambao kuandika Verilog bado, kuna Logisim, unachora mageti kwa mausi unayaunganisha unabonyeza unaona waya inabadilika rangi. Nimeona mtoto wa kidato cha tatu akijenga kijumlishi cha biti nne pale peke yake baada ya kuonyeshwa cha biti moja, na hakuwa mtoto wa ajabu, alikuwa amekuja kuchukua simu ya mamake.

Verilog ina mtego wake na lazima niuseme sababu unawaangusha hasa wale waliokwisha jua Python au C, asiyejua programu yoyote wakati mwingine anaelewa haraka zaidi. Ukiangalia utadhani ni programu, ina if, ina else, ina alama ya sawasawa. Lakini unayoandika pale sio hatua za kufuatwa moja baada ya nyingine, ni maelezo ya waya zilizopo, zote ziko kwa wakati mmoja, zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Chukua mfano huu mdogo. Una rejista mbili, a na b, unataka zibadilishane thamani. Kwenye programu nyingi unahitaji chombo cha tatu cha kushikilia, ndo tulivyofundishwa. Kwenye Verilog ndani ya bloku ya kloki unaandika a <= b; alaf mstari wa chini b <= a; na imekwisha, pigo likija kila moja inachukua ile thamani ya zamani ya mwenzake, zinapishana bila kugongana. Ukikosea ukaweka = peke yake badala ya <= basi a inachukua b kwanza, alaf b inachukua a ambayo tayari ni b, na mwisho zote mbili ziko sawa na thamani moja imepotea. Kaandike hii kwenye simuleta uione kwa macho, ukielewa hapa umeelewa sehemu kubwa ya lugha nzima.

Mtego wa pili ni if bila else kwenye saketi isiyo na kloki. Umesema waya iwe nini sharti likitimia, hukusema iwe nini lisipotimia, basi ile programu ya kutafsiri Verilog kuwa vijedwali inaamua kwamba unataka thamani ya zamani ikumbukwe na inakuwekea lachi (kikumbukio cha biti kisichofuata kloki) ambayo hukuiomba. Simuleta itaonekana sawa, bodi itafanya vituko. Soma maonyo inayokuandikia, yale watu wanayapitisha tu kwa haraka.

Sasa prosesa ya namna gani? Mi nasema RISC-V bila kusita, hiyo ni orodha ya amri ambazo prosesa inatakiwa kuzielewa. Ilianzia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 2010, na maelezo yake yako wazi, hakuna leseni ya kulipia kutengeneza prosesa inayoifuata, hakuna wa kumuandikia barua ya kuomba ruhusa. Kuna wanaopenda kubuni amri zao wenyewe kutoka sifuri, ni raha na inafundisha, ila ukimaliza itabidi uandike na asembla yako mwenyewe na kompaila yako mwenyewe, yaani programu za kugeuza maandishi yako kuwa amri za prosesa, wakati RISC-V vyote vipo bure tayari. Seti ya msingi ya biti 32, inaitwa RV32I, ina amri 40, na nyingine kati ya hizo kwa prosesa ya kujifunzia unazifanya zisifanye kitu.

Nichukue amri moja niipasue hapa ili msomaji aone sio mambo ya mbinguni. Amri hii: weka tano kwenye rejista ya kwanza. Ikifika kwenye prosesa inakuwa nambari 00500093 kwa hesabu ya kumi na sita, ambapo kila tarakimu ni biti nne. Ifungue kwa biti: 000000000101, alaf 00000, alaf 000, alaf 00001, alaf 0010011. Anza kusoma kulia. Zile saba za mwisho, 0010011, zinasema hii ni familia ya amri za hesabu zenye nambari ndani yake. Tano zinazofuata, 00001, ni rejista ya kupokea, nambari moja. Tatu zile, 000, zinasema hesabu yenyewe ni kujumlisha. Tano nyingine, 00000, ni rejista ya kusoma, nambari sifuri, na kwenye RISC-V rejista ya sifuri siku zote ina sifuri, uandike usiandike. Zile 12 za kushoto ndo tano yenyewe. Kwahiyo prosesa inasoma sifuri, inajumlisha na tano, inaweka kwenye rejista ya kwanza. Kwenye Verilog kupasua huku ni waya tu, unasema biti za 7 mpaka 11 ziende kule, za 15 mpaka 19 ziende huku, haichukui hata kijedwali kimoja. Na waliopanga walikuwa na busara, rejista ya kupokea ikiwepo iko sehemu ile ile kwenye kila amri, na za kusoma vilevile, huhitaji kuzitafuta.

Ukishakuwa na hiyo, na kijumlishi, na rejista 32, na ile rejista inayoshika anwani ya amri na kuongezeka 4 kila mara, unaunganisha kwa hatua nne za taratibu: leta amri, soma rejista, tenda, andika jibu, rudi mwanzo. Hatua moja kwa kila pigo. Vijana wakionja tu wanataka paipulaini, yaani amri kadhaa zikiwa njiani kwa pamoja, siku hiyo hiyo sababu wameisoma kwenye noti za chuo, na paipulaini ni kitu kizuri, lakini inaleta amri zinazogombania rejista ambayo bado haijaandikwa, na kama hata ile ya taratibu hujaiona ikifanya kazi hutajua unagombana na nini. Yenye hatua nne kwa amri moja inatosha kabisa. Nani anakukimbiza?

Kuna sehemu mbili hapa nataka nikae kidogo manake ndo zimekula usiku wa watu wengi.

Ya kwanza ni hizo rejista. Rejista 32 za biti 32 ni biti 1,024. Ukiziandika hovyo, programu ya kutafsiri itatumia flipuflopu kwa kila biti, na chipu ndogo kama iCE40 HX1K ya kampuni ya Lattice ina seli 1,280 kwa jumla (kila moja ni kijedwali na flipuflopu yake), umeshamaliza karibu yote na hata kujumlisha hujaanza. Dawa yake ni kuziweka kwenye bloku za RAM, yaani kumbukumbu, ambazo chipu inazo tayari, HX1K inazo 16. Ila bloku ya pale ina mlango mmoja wa kusoma na mmoja wa kuandika, na amri ya kujumlisha inataka kusoma rejista mbili kwa pamoja. Basi unaweka nakala mbili za rejista zote, ukiandika unaandika kwote, ukisoma unasoma moja huku na nyingine kule. Ni ujanja wa zamani na ni mzuri.

Ya pili, hizo bloku za RAM haziko papo kwa papo. Unatoa anwani kwenye pigo hili, data inakuja pigo lijalo. Mpwa wangu prosesa yake kwenye simuleta ilikuwa inatenda kila amri ikiwa imechelewa moja, yaani inaambiwa jumlisha inafanya ile iliyotangulia, alikaa nayo mpaka akaanza kuilaumu RISC-V yenyewe. Tulipofungua mawimbi kwenye GTKWave ilionekana wazi, anwani imebadilika, data inafuata nyuma yake kwa pigo moja zima, na yeye alikuwa anaikamata kabla haijafika. Aliongeza hatua moja ya kusubiri ikawa sawa.

Hapo ndo sasa ununue bodi. Mi napenda ile Tang Nano 9K ya Sipeed, ina chipu ya Gowin yenye vijedwali 8,640, kloki ya MHz 27 (mapigo milioni 27 kwa sekunde), taa sita, vitufe viwili, na bei yake kule Uchina ilikuwa takriban dola 15 kabla ya usafiri. Zile za iCE40 ni ghali kidogo ila zana zake za bure zimekomaa zaidi, na hiyo ni hadithi nzuri yenyewe: mwaka 2015 Claire Wolf na wenzake walitoa mradi wa IceStorm, walikaa wakachambua faili la mpangilio la chipu za Lattice mpaka wakajua kila biti inawasha swichi gani, kampuni haikuwapa. Kabla ya hapo ilikuwa lazima utumie softweya ya mwenye chipu upende usipende. Sa hii kuna Yosys ya kugeuza Verilog kuwa vijedwali na nextpnr ya kuvipanga kwenye chipu, na mradi wa Apicula umefanya kazi kama hiyo kwa Gowin. Vyote vikiwa pamoja ni mamia ya megabaiti, sio makumi ya giga, bando la kawaida linabeba.

Kwenye bodi anza na taa, usione haya. Kihesabio cha biti 24 kinachoongezeka kila pigo, ile biti ya juu kabisa unaipeleka kwenye ledi. Kwa MHz 27 inageuka kila sekunde 0.31, macho yanaiona vizuri. Kama inapepesa kwa mwendo huo basi kebo, draiva, pini na kloki vyote viko sawa, umemaliza mambo manne kwa taa moja. Alaf kuna wazo ambalo kila mtu analipata, kwamba atumie kitufe kama kloki ili aisogeze prosesa hatua moja moja. Wazo ni zuri ila kitufe cha chuma ukikibonyeza kinadunda, kwa milisekunde chache kinagusa na kuachia na kugusa tena, na milisekunde tano tu kwa hiyo kloki ni mapigo 135,000. Wewe umebonyeza mara moja, prosesa imeona mibonyezo kibao. Weka kihesabio kinachosubiri kitufe kitulie kabla ya kukiamini.

Na usikilize nextpnr inapokwambia mwisho wa mbio zake. Ikisema saketi yako inaweza MHz 21 na kloki yako ni 27, ipo njia ndani ambayo ishara haifiki kabla ya pigo lijalo, leo itafanya kazi, kesho kibanda kikipata joto la saa nane mchana itaanza kukosea hesabu. Punguza kloki au katisha hiyo njia kwa rejista katikati.

Ikishafika hapo ipe prosesa mdomo, yaani ile laini ya UART ya kuongea na laptop kwa kebo ile ile ya USB. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde unagawanya milioni 27 kwa hiyo unapata kama 234, basi kila biti inashikwa mapigo 234 inaachiwa. Herufi A ni nambari 65. Siku A ya kwanza ilipotokea kwenye skrini kibandani kwangu, mteja aliyekuja na feni yake aliuliza tunashangilia nini, mpwa wangu akamwambia mzee, imeandika A. Mzee akaniangalia mimi, akaangalia feni yake, akauliza itakuwa tayari lini.

Kuna Mfaransa Bruno Levy ameandika prosesa ndogo ya RISC-V inaitwa FemtoRV pamoja na mafunzo ya kutoka kwenye taa ya kupepesa mpaka prosesa nzima hatua kwa hatua, ya bure. Tatizo ni Kiingereza chake na cha wengine wote, sio kwamba vijana hawakijui, ila kitu kigeni kikielezwa kwa lugha unayokopa kinakuwa kigeni mara mbili. Uganda baraza la mawaziri limepitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, mtaala mpya wa sekondari wa 2020 unataka watoto wafanye miradi na sio kukariri, alaf somo la kompyuta bado shule nyingi mtoto anachora masanduku matatu yameandikwa prosesa, kumbukumbu, ingizo, anapewa maksi, na hajawahi kuona hata biti moja ikihama. Gazeti kama lenu mkitenga hata robo ukurasa kwa wiki, saketi moja ndogo, mchoro na mistari kumi ya Verilog, walimu watakata na kubandika ukutani. Nafahamu walimu ambao wangefanya hivo kesho.

Na kwa yule ndugu aliyeandika kwamba hatuwezi, nimkumbushe tu kwamba Makerere walitoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011 watu wakicheka, na Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa ikiwa imetengenezwa na vijana watatu wa hapa waliokwenda kusomea kazi hiyo Japani. Hao nao wangesubiri kiwanda cha roketi kijengwe Entebbe kwanza?

Jambo la mwisho ni kwa wanaotafuta bodi za mkononi. Kuna bodi kubwa za zamani za maabara zinauzwa rahisi, zinapendeza, zina maonyesho ya nambari na swichi safu nzima. Uliza kwanza chipu yake ni ipi na kama softweya ya sasa bado inaitambua, manake nyingi zinataka softweya ya zamani inayokubali Windows ya zamani tu, na utajikuta unatunza kompyuta mbili kwa ajili ya bodi moja.

Ombi langu dogo kwenu mkiichapa barua hii, ile nambari 00500093 mpangaji kurasa asiiguse. Ikiteleza tu ikawa 00500113 bado ni amri halali, prosesa haitalalamika, ila ile tano itaingia rejista ya pili badala ya ya kwanza, na kuna mtoto mahali atakaa usiku mzima na gazeti lenu mkononi akitafuta kosa lake.

Fundi redio,
Walukuba, Jinja